Kaa wa Pangani Anayempungia Kabula

Mama Kabula,

Barua zetu huanza kwa kusema mimi sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo siwezi kuandika hivyo. Wewe umekwisha fika pasipo na hofu, na mimi huku ninaogopa mpaka maneno yananikimbia. Kabula anaumwa. Ni homa, Mwanaidi, na inakuja vile vile ilivyokujia wewe: baridi kwanza, halafu macho yanang'aa, halafu anasema mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Amelala hapa kando ya meza ninayoandikia. Jua la mchana limeingia mpaka kitandani kwake na bado anatetemeka. Leo sikwenda kazini shimoni.

Lakini si homa peke yake iliyonifanya nikuandikie. Ni wale kaa.

Uliwaagiza mwenyewe, pengine umesahau. Ulipokuwa hujiwezi uliniambia nimwandikie kaka yako Athumani, atafute njia ya kukuletea kaa wadogo wa kwenu Pangani, wale wa kwenye tope la mikoko, ambao dume ana gando moja kubwa karibu kupita mwili wake. Ulitaka Kabula awaone. Kila siku ulikuwa unamsimulia jinsi maji yakitoka wanavyosimama kwenye milango ya mashimo yao na kupunga lile gando, na jinsi ninyi watoto wa kule mlivyokuwa mkiwapungia na kusema, "Tumeshakaribia," kwa kuwa mlifundishwa kwamba kaa anakaribisha wageni na si adabu kumpita kimya. Mimi nilikuwa nacheka tu. Nilikata mkonge kwenu miaka mingapi, nikawapita kaa hao asubuhi na jioni, wala sikujua kama nakaribishwa.

Basi Athumani alifika baada ya arobaini yako. Alikuja kwa gari moshi mpaka Shinyanga, akampitia Shangazi yangu kule kijijini, maana nilikuwa nimemwomba Shangazi aje kunisaidia mtoto. Wakapanda lori pamoja mpaka huku Geita, debe la tope katikati ya magoti yao. Shangazi alikuwa ameambiwa kwamba shemeji analeta kaa, na kwa Kiswahili chake cha gulioni akaelewa kwamba ni makaa. Njia nzima alikuwa akijiuliza ni mtu wa namna gani anayesafirisha makaa toka pwani, na tena kwa nini anayanyunyizia maji. Aliponihadithia nilicheka mpaka nikaketi chini. Ndiyo mara ya mwisho.

Sanduku nililitengeneza mwenyewe. Unajua kazi yangu ni magogo ya kuzuia paa la shimo lisiwaangukie watu, vioo si fani yangu. Nilichonga fremu kwa vipande vya mninga, nikapata vioo vya dirisha vilivyopasuka pembeni, nikavikata upya, na nyufa zote nikaziba kwa nta ya nyuki niliyoiyeyusha kwenye kopo. Mchanga nilitaka kuchota kwenye lile lundo nyuma ya mashine ya kusagia mawe. Ni mlaini, mweupe, na uko karibu. Koleo lilikuwa tayari mkononi nilipokumbuka mbuzi wa jirani waliokunywa maji ya dimbwi la pale, yenye dawa ya kutolea dhahabu, wakafa pale pale. Nikaenda kuchota mtoni badala yake, nikauosha na kuuosha.

Athumani alinisimamia kama mkwe. Alisema hawa si samaki, ukiwazamisha watakufa maji. Kwa hiyo tope walilokuja nalo tukalichanganya na ule mchanga na kuliinamisha, upande wa juu pawe pakavu pa kuchimba, upande wa chini pawe na dimbwi la kujilowesha. Chumvi alikuwa ameibeba ya pwani, kwenye kikapu cha ukindu. Nilimwuliza nitie kiasi gani, akaniambia niyaonje maji, yawe na chumvi ya machozi, si ya mchuzi. Kipimo hicho nilikuwa nacho karibu. Juu tukafunika kwa wavu wa waya, maana wanapanda hawa, na chakula chao ni punje ya ugali na dagaa waliosagwa.

Walipozoea wakaanza kuchimba. Wenzangu wa mgodini walikuja kuwatazama wakitoka na kifusi chao, vidonge vidogo vidogo, na kuvipanga nje ya mlango. Wakasema hawa nao wangeandikwa kazi. Kabula ndiye aliyehamia pale kabisa. Tangu ufe alikuwa hasemi neno, ukimwuliza kitu anajibu kwa kichwa. Sasa, asubuhi moja dume alisimama mlangoni kwake akanyanyua gando, mtoto naye akanyanyua mkono, akasema, "Tumeshakaribia." Kwa sauti yako ile ile, na lafudhi yako ya kuvuta mwisho. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Shangazi naye aliona. Tangu siku ile nilimwona anavyolitazama sanduku akipita, anajibana upande wa pili wa chumba. Mwanaidi, huku kwetu Usukumani mkono unaotoka ardhini haumkaribishi mtu. Unaita, na anayeitika huufuata. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, ingawa nilipokuwa kwenu nilijifanya nimesahau. Tena mtoto anayeitwa ni mtoto aliyefiwa na mama, na anaitika kila siku, kwa furaha.

Halafu homa ikaanza. Na siku ile ile ilipoanza dume aliingia shimoni mwake, akavuta donge la tope, akaziba mlango kwa ndani. Athumani alikuwa amenieleza kwamba ndiyo desturi yao, hujifungia wakati mwingine na hutoka wenyewe. Lakini Athumani alikwisha rudi kwao, na mambo yaliyo rahisi akiwapo mtu wa kuyaeleza si rahisi ukibaki peke yako. Shangazi alisimama mbele ya kioo akasema, "Ameita, ameitikiwa, amefunga mlango. Sasa anangoja."

Dresa wa hospitali ya mgodi alikuja, akatoa kwinini, akasema tungoje. Hata kwako alisema tungoje.

Jana mchana niliporudi kula nilimkuta Shangazi amesimama juu ya sanduku na birika la maji yanayochemka. Wavu ameuweka chini. Usimchukie, nakuomba, kwa sababu analala chini kando ya kitanda cha mtoto wako na kumpangusa jasho, na mimi simshindi kwa mapenzi. Nilimshika mkono. Nikamwambia kaa ni wadudu wa tope, hawana habari na mtu. Akanitazama kama anavyonitazama tangu nikiwa mdogo nikidanganya. Akasema, "Baba Kabula, si kaa ninayemwogopa. Ni mama yake mtoto. Mama mbaya akifa anamsahau mtoto. Mama mwema ndiye anayeita."

Kama angesema wewe ni mchawi ningemfukuza arudi Shinyanga kwa miguu. Lakini alisema wewe ni mwema, na hilo nalijua kuliko yeye. Nakumbuka ulivyokuwa unaamka kumgusa pua kama anapumua, hata alipokuwa mkubwa wa kukimbia. Nakumbuka siku zako za mwisho, ulipokuwa hutujui sisi sote, mkono wako ulikuwa unamtafuta yeye kwenye shuka. Nililichukua birika nikamwaga maji uani. Sikujua kama nawaokoa kaa au namwua mwanangu. Mpaka sasa sijui.

Asubuhi hii donge la tope lilisukumwa. Dume akatoka, ameng'aa kuliko mwanzo, akasimama mlangoni. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Alipunga mara moja, akatulia, akapunga tena. Nikageuka kumtazama mtoto, nikijiambia amelala, hajaona. Alikuwa amefumba macho. Na mkono wake, Mwanaidi, ulikuwa unanyanyuka polepole kutoka kwenye blanketi.

Niliudaka. Niliubana kifuani kwangu kwa nguvu mpaka akalia. Akasema, "Baba, niachie, namjibu. Mama alisema ni adabu."

Sijamwachia. Ninaandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana karatasi inateleza na mistari inakwenda upande. Mkono wake ni wa moto. Nikiulegeza kidogo tu nausikia unataka kuinuka.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa kuwa wenye kujua wamekwisha wote. Ni kukaribisha au ni kuita? Kwenu ni neno moja na kwetu ni jingine, na mtoto huyu tumemzaa katikati. Kama ni kaa tu anapunga kwa sababu zake za kaa, basi nisamehe, nimekusumbua bure. Kama ni wewe, nisikilize.

Najua umempenda. Hakuna anayebisha. Najua pia kwamba kaburi lako liko mbali na kwenu, kati ya watu waliokufa shimoni ambao hata lugha zao huzijui, na kwamba mimi ndiye niliyekuleta huku. Lakini Kabula bado hajamaliza hata kubadili meno. Amenibakia yeye tu. Akipona, mvua zikikatika na barabara zikipitika, nitampeleka Pangani mimi mwenyewe, na kaa wako ndani ya debe, nitawaachia kwenye tope lao mbele ya mama yako. Huko atapungiwa na maelfu, na awajibu wote mpaka achoke, sitamshika mkono. Hiyo ni ahadi, na nimeisema kwa sauti, Shangazi amesikia.

Ila kwa sasa, usimwite. Nilipokuomba jambo kwa upole hukuwahi kunikatalia. Na kama huko uliko ni kupweke mno, kama huwezi kabisa kukaa bila mmoja wetu, basi mpitie pembeni mtoto uniite mimi. Mimi nipo chini ya ardhi karibu kila siku, hutapata taabu kunifikia. Sitajifanya sikusikia.

Kwaheri, Mama Kabula. Lala.

Mumeo,
Masanja