Nilimtia Bibi Ngoma Akiwa Analia

Mpendwa Shangazi Iro, naomba msaada wako kabla sijakosa hata uso wa kuombea, na kwa kuwa mficha uchi hazai nitasema yote. Mimi ni Santra, nina miaka ishirini na sita, napiga kantele, kinubi cha kwetu, katika bendi yetu hapa Petroskoi, tunachukua nyimbo za kale za Kikareli tunazitia gitaa, ngoma na mitambo ya kompyuta ya mwenzetu Ondrei, na watu wanatupenda. Aliyenifundisha nyimbo hizo ni bibi yangu mzaa mama, Bibi Okahvie wa Kuikkalahti, ambaye ndiye wa mwisho kijijini anayejua kuomboleza kwa njia ya wazee, yale maneno ya mafumbo ambamo marehemu hatajwi jina, na ambayo wenyewe wanasema ndiyo lugha pekee wafu wanayoielewa.

Miaka miwili iliyopita aliniombolezea jikoni kwake, kilio alichomlilia mwanawe aliyezama ziwani, mjomba wangu ambaye sikumwona, akaniruhusu nirekodi akisema, "Haya ni ya kujifunza, mjukuu wangu. Si ya kuchezea. Unanisikia?" Nikasema nimesikia. Kisha nikampa Ondrei ile sauti, na aliponiuliza, "Bibi ameridhia?" nikamjibu ameridhia, tukaiweka juu ya ngoma nzito, na wimbo huo ndio uliotupa jina.

Julai iliyopita tulialikwa kupiga kwenye sikukuu ya Petro hukohuko Kuikkalahti, na badala ya kuuficha wimbo ule nikaupiga, nadhani nilitaka anisifu, maana alikuwa ameketi mstari wa mbele na kitambaa chake cha sikukuu. Sauti yake ilipotoka kwenye spika akatabasamu kidogo, halafu ngoma zikaingia, vijana wakaanza kuruka, akainuka akaondoka taratibu akishika viti, nami nilimwona, Shangazi, nilimwona kabisa na sikuacha kupiga.

Mwezi uliopita dada yake, Bibi Palaga, alifariki. Mazikoni watu wote walikuwa wakimngoja Bibi aanze kuomboleza. Akasimama kando ya jeneza, leso mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nenda tu, mwenzangu. Sauti yangu wameshaichezea dansi, hata ukiisikia huko hutaijua." Akakaa. Bibi Palaga akazikwa kimya kama mtu asiye na ndugu. Jirani mmoja akanigeukia, "Umefurahi sasa, msanii?"

Tangu siku hiyo Bibi hapokei simu zangu. Arobaini ya marehemu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ondrei anasema tukiufuta wimbo bendi imekufa. Sipati usingizi. Nifanye nini?

Santra

*

Santra mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshapoa, na shukuru Mungu sikukujibu baada ya ile ya kwanza.

Sina ugomvi na bendi yenu. Nyimbo za harusi, za bembea, za kumtania bwana harusi, zitieni ngoma mpaka madirisha yapasuke, nitakuja kucheza mwenyewe na goti langu bovu. Lakini kilio ni barua ya mtu kwa mfu wake. Mama alimwandikia mwanawe, wewe ukaifungua ukaisoma sokoni, na ulipoonywa mapema ukasema umesikia. Ulimdanganya Bibi, ukamdanganya na Ondrei, halafu unaniambia Ondrei ndiye anayekataa! Ondrei anakataa kwa sababu hajui.

Najua unaumia, na ni haki yako kuumia. Majuto ni mjukuu, hayatangulii. Ila machozi ya kitandani hayamfai mtu.

Leo hii, kabla hujala, mwite Ondrei umwambie ukweli. Wimbo uondolewe kila mahali kabla hujakwenda Kuikkalahti, usije ukaufanya kitu cha kubadilishana na msamaha. Bendi ikifa kwa hilo, basi ilikuwa inaishi kwa pumzi za mama aliyefiwa.

Ijumaa panda basi la asubuhi. Kantele iache nyumbani, na simu uizime. Ukifika usianze hotuba. Piga magoti mbele ya Bibi, iname mpaka miguuni pake kama walivyofanya bibi zetu, sema "nisamehe" mara moja, kisha inuka ukapasue kuni uwashe sauna, lile bafu la mvuke. Asipokujibu, oka kalitka, vile vimkate vya arobaini, hata hivyo. Unajua unga uko wapi.

Jumamosi mkishafika kaburini, jua likiwa bado juu, maana jua likizama haombolezwi mtu, funika uso kwa leso umlilie Bibi Palaga wewe. Ndiyo, wewe! Ulirekodi ili ujifunze, sivyo? Utakosea. Utasahau mafumbo, sauti itakukatika, na majirani watakutazama vilevile walivyokutazama mwezi uliopita. Endelea. Bibi yako akishindwa kuvumilia makosa yako akakusahihisha neno, lifuate neno lake na usimwangalie usoni.

Na akinyamaza mpaka mwisho, maliza peke yako, maana Palaga bado anangoja kuliliwa.

Shangazi Iro