Habari Iliyopitia kwa Mama Pilar

Litembo, 16 Juni

Mwanangu Herieth,

Marahaba, shikamoo yako imefika hadi huku kwenye baridi. Kahawa tumeanza kuichuma.

Umelalamika: "Baba mkubwa, mama Pilar ninayekaa kwake hapa Hispania ananilisha kama nguruwe wa Pasaka, halafu ananitazama na kulia. Nimemkosea nini?"

Hukumkosea. Kwetu habari nzito hatumpi mgeni moja kwa moja. Tunampa kwanza mwenye nyumba, naye humwacha mgeni ale, ndipo aketi naye na kumweleza. Kwa hiyo Sista Winifrida, anayejua Kihispania, alimpigia mama Pilar simu. Kupitia kwa Sista nilimwomba mama huyo anyamaze mpaka umalize mtihani wako wa lugha. Barua hii nimeituma kwake akupe baada ya chakula. Najua ameketi karibu yako.

Herieth, baba yako Vitalis alifariki tarehe mbili kwa ugonjwa wa moyo. Tulimzika kesho yake.

Mama yako alitaka upigiwe siku ileile. "Aliyekufa ni baba yake, shemeji. Utamficha mpaka lini?" aliniuliza mbele ya waombolezaji. Nilikataa, nikidhani nalinda masomo yako. Sasa naona nilikunyima kumlilia pamoja nasi.

Usimkasirikie mama Pilar, maana alibeba mzigo niliomtwisha mimi. Ukiweza kusema, nipigie. Nitapokea, hata kama ni kunilaumu tu.

Baba yako mkubwa,
Mansuetus