Ukuta wa Baba Usiguswe

Sundbyberg, Uswidi,
12 Machi 1974

Dada yangu mpendwa Dafrosa,

Bwana asifiwe. Mimi mdogo wako ni mzima, mjukuu ameota jino la tatu, na mwanangu Evodius na mkewe Adelina wanakusalimu sana. Baridi ya huku inauma masikio, ila nimeizoea. Wenyeji wenyewe wananishangaa ninavyotembea kwenye barafu. Na goti lako, limepoa? Kahawa imechanua?

Haya, salamu zimetosha. Dada, nimekasirika. Barua yako niliisoma nimesimama, mpaka uji wa mtoto ukaungua. Unaniandikia kama mtu anayetoa habari za mvua, kwamba baada ya Pasaka wazee wa kanisa watabomoa ukuta wa madhabahuni wajenge wa saruji, na kwamba wewe, binti mkubwa wa marehemu baba, umenyoosha mkono kukubali! Ulikuwa umesinzia? Eti ni ukuta mweupe tu wenye nyufa, picha aliyoichora baba ilishakufa siku ile ilipopakwa chokaa. Nani kakwambia imekufa?

Nisikilize. Evodius ni fundi wa kuponya picha za makanisani, na si fundi wa kubabaisha. Waswidi wenyewe wanamfuata. Wiki iliyopita alinipeleka kwa treni hadi upande wa Tumba, kwenye kanisa dogo la mawe, akanipandisha kwenye jukwaa la mafundi na kitenge changu. Anakwangua chokaa kwa kisu kidogo kama cha daktari, siku nzima eneo la kiganja kimoja. Na chini ya chokaa, dada, watu wanatokea! Mitume wazima, wana macho na mapua. Akanieleza kwamba walichorwa kabla Luther hajaanza mageuzi yake, siku ambazo wachoraji wa Italia walikuwa wakiwapa watakatifu sura za watu wa mtaani. Waliokuja nyuma wakaona picha zinapotosha waumini, wakazifunika.

Nikamwambia babu yake hakufika Italia, alifika darasa la pili, na alimchora Petro kwa sura ya muuza chumvi na Yuda kwa sura ya karani wa chifu, mpaka karani akaacha kuja ibadani. Mzee wa Kiswidi anayemsimamia alipotafsiriwa maneno yangu alicheka hadi akashikilia ngazi, kisha akasema kazi ya mtu kama huyo haifai kupotea. Unaona? Baba yetu anasifiwa Ulaya, na ninyi mnamtafutia nyundo! Evodius amepata likizo mwezi wa sita aje huko kuifunua, na visu vyake viko sandukuni tayari. Anasema chokaa haiui picha, inaifunika kama blanketi.

Basi nenda kwa hao wazee uushushe huo mkono wako. Wakikuambia wanataka kanisa la kisasa, waambie huku kwenye usasa watu wanakwangua walichofunika babu zao.

Sasa nimekaa chini, maana yaliyobaki siwezi kuyaandika nimesimama. Miaka thelathini na sita tumesema aliyepaka chokaa ni Josiah, mchumba wako, kwa kuwa alipookoka alihubiri kila siku kwamba picha ni sanamu. Baba akairudisha posa yake, akamkataza kukanyaga uani, akafa bila kumpa mkono. Wewe ukaozwa kwingine, na uliyoyaona kule nayajua.

Si Josiah. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeokoka wiki ile, nimeungama mbele ya watu wote hadi sukari niliyoiba kwa mama. Nikaona dhambi iliyobaki imechorwa kanisani na baba yangu. Siku ya gulio, kijiji kitupu, nikaingia na ndoo. Burashi sikuwa nayo. Nilipaka kwa mkono. Walipomshika Josiah, mimi niliyeungama sukari nikanyamaza.

Kule Tumba Evodius alinionyesha kwenye chokaa michirizi ya vidole vya aliyeipaka, wazi kama ya jana. Nikauficha mkono wangu mfukoni. Unakijua kidole changu kilichokatwa na panga utotoni. Kwenye ukuta wa baba kitaonekana, na mwanangu atakitambua. Ukibomolewa, hakuna atakayejua kamwe. Ndiyo maana niliposoma barua yako, dada, kwanza nilifurahi. Nilipojiona nimefurahi, ndipo nikakasirika, na mpaka sasa hasira haijaniachia.

Uzuie ukuta. Barua hii mpelekee Josiah umsomee yote, usiruke mstari. Ukiona huwezi kunijibu, usinijibu. Ila Evodius akifika mpokee, yeye hana kosa, na umpikie ndizi za kutosha. Anakula kama babu yake.

Wasalimie majirani wote, na makaburi ya wazazi uyafagie kwa niaba yangu kama bado unaniruhusu.

Mdogo wako,
Leokadia