Mgongo Uliofutwa kwenye Picha ya Mwaya

Mwaya,
2 Mei 1993

Tata mpendwa,

Shikamoo. Ugonile? Sisi huku hatujambo, ila bibi yangu Marta magoti yanamsumbua tangu maji yapande mpaka kizingitini. Mama huko Busale anaendeleaje? Na wewe kifua, bado zile dawa za picha zinakukohoza? Unywe maziwa, Tata.

Nakuandikia kwa sababu sina njia nyingine. Wenzangu wa mjini wanapeana mikono na wakwe zao na kunywa nao chai, lakini kwetu mwiko wa mkamwana na baba mkwe haujaondolewa, na nikikuona kwa mbali itabidi niache njia kama kawaida. Basi karatasi ndiyo mdomo wangu.

Naulizia ile picha ya Bibi. Mwanao Aliko alikuletea studio mwezi wa tatu uitolee nakala kabla mchwa hawajaimaliza. Baraza la kata linakaa wiki ijayo kuhusu kiwanja chetu. Mzee Mansuri anasema nyumba hii aliijenga babu yake, naye anataka kiwanja ajenge ghala la kununulia kakao. Hati hatuna, tuna picha tu. Unaikumbuka: mtaa wetu enzi za Wajerumani, nyumba na baraza yake, mzee amesimama mbele na nguo nyeupe, na pembeni ya njia yule mwanamke amechutama, ametupa mgongo, kajifunika jani la mgomba. Bibi anasema ndiye mama mkwe wake, wakati ule bado bibi harusi, anampisha baba wa mumewe. Mtu wa huku akiuona ule mgongo anajua mzee ni nani na nyumba ni ya nani. Mtu wa pwani, kama babu yake Mansuri, hachutamiwi hivyo.

Mpe Angetile anayeleta mchele sokoni kwa baiskeli, ataifikisha.

Mkamwana wako,
Atupele


Kyela,
9 Mei 1993

Mkwe wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa magoti ya Bibi. Sisi wazima.

Kuhusu picha, bati la studio linavuja. Maji yaliingia kabatini, karatasi zikashikana, na nilipoibandua ikachanika. Hakuna kilichobaki. Mwambie Bibi ni mvua tu. Aliko yuko Tunduma na lori la Mansuri, anakusalimia.

Tata wako


Mwaya,
20 Mei 1993

Tata,

Shikamoo. Ndaga kwa barua yako. Kifua kinaendeleaje? Bibi hajambo, ila chakula hali.

Baraza lilikaa kwenye ghala la ushirika, si unajua siku hizi liko tupu. Mzee Mansuri alikuja na picha. Tata, ni mtaa wetu. Nyumba ni ile, baraza ile, mzee yule yule. Pembeni ya njia pana nyasi tu.

"Huyu ni babu yangu na kanzu yake," akasema. Hakusema kwa ukali, sauti ilikuwa inamkatika.

Bibi akaomba aishike. Akapitisha kidole penye nyasi. "Mama yuko wapi?"

"Ameenda kuteka maji, Bibi," mtu akamjibu kutoka nyuma. "Atarudi."

Watu wakacheka. Bibi akapitisha kidole tena, kama anayefuta vumbi.

Mwenyekiti akaniuliza picha yetu iko wapi. Nikasema imeharibika studio.

"Studio ya nani?"

"Ya baba wa mume wangu."

"Ana jina huyo baba?"

Unajua mwiko, siwezi kulitaja. "Picha haina karatasi na fundi hana jina!" yule wa nyuma akasema, wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Uamuzi utatolewa Jumamosi ya tarehe 12 Juni.

Ile picha nami niliishika, Tata. Zile nyasi ni laini mno. Nikakumbuka picha yangu ya harusi. Shavuni nina kovu la uji wa moto tangu utoto, lakini pale halipo, ulilitoa kwa wema wako. Shavu langu pale ni laini kama zile nyasi.

Siulizi kitu. Nimekueleza tu nilichokiona.

Mkamwana wako,
Atupele


Kyela,
6 Juni 1993

Mkwe wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Bibi ameanza kula. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimekuandikia majibu mengine kabla ya hili, yote nikayatia jikoni kwenye mkaa. Hili sitalichoma.

Ni mimi niliyemtoa. Picha ya Bibi haikulowa. Iko chini ya kaunta, kwenye boksi la karatasi za picha, kama Aliko alivyoileta.

Nilikuwa nimeshaitolea nakala, nimeitundika ikauke. Mansuri akaja kukaa, maana chumba ni chake na kila siku hupita kusalimia. Akaiona, akasimama.

"Ezra, huyu ni babu."

"Hapana mzee. Huyu ni wa ukoo wa mkwe wangu."

"Babu alikuwa na duka mtaa huo huo. Mama yangu alikuwa ananisimulia baraza hiyo hiyo. Sura yake sijawahi kuiona mpaka leo." Akakaribia mpaka pumzi yake ikagusa karatasi. "Na huyu mwanamke anafanya nini hapa? Anaharibu picha. Mtoe."

"Mzee, huyo si wa kutoa."

"Mabibi harusi unawatoa chunusi, huyu ana nini?" Akacheka, akanipiga begani. Kisha akasema binti yake Naila anakitaka hiki chumba aweke mitumba, lakini amemwambia hapana, fundi Ezra ni mtu wangu. Na Aliko, kijana safi, lori analiendesha kama lake.

Hakunitishia. Angenitishia ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Aliongea kama ndugu, nikaona kila neno linafunga mlango mmoja. Tangu mashine ya picha za rangi ifike Mbeya, watu wanapeleka mikanda yao huko kwa basi. Kwangu wanabaki wa vitambulisho. Nikitoka chumba kile sina pa kuliweka giza langu la kusafishia picha, na fundi wa picha bila giza ni mtu amebeba boksi tu.

Nikaukalia mkanda wa ile nakala na penseli yangu ya kurekebishia sura. Nilianza na jani la mgomba, nikaja kichwa, nikaja mgongo. Nyasi nilizichora moja moja. Mkwe wangu, ilikuwa kazi safi. Nilipomaliza nilijisifu peke yangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Mama yangu mwenyewe alikuwa anachutama hivyo njiani akimwona babu. Nilijua ninamfuta nani.

Nilidhani Mansuri ataitundika sebuleni kwake. Aliponiambia anaipeleka kwenye baraza la kata, nilikuwa nimeshakuandikia uongo wa mvua, kwa aibu ya nilichokifanya. Hapo ndipo nilipojifungia kabisa. Nikisema, Aliko anashushwa kwenye lori. Nisiposema, Bibi Marta anatolewa kwake. Nakaa mlangoni, lori linapita, mwanangu ananipungia mkono, nami nampungia.

Namkabidhi Angetile ile picha ya zamani. Semeni mliikuta sandukuni. Jina langu liacheni. Najua huwezi kulitaja, na naona haya kwamba mwiko huo umenifaa.

Tata wako


Mwaya,
8 Juni 1993

Tata,

Shikamoo. Picha imefika. Bibi ameiweka mapajani, hataki kuiachia hata kwa chakula.

Sitasema tuliikuta sandukuni. Nimeshasema mbele ya watu kwamba imeharibika. Nikija nayo leo watasema tumemchora mwanamke. Mzee Mansuri ana picha, sisi tuna picha, nani atajua ipi imeizaa nyingine? Anayejua ni mtu mmoja, na mimi siwezi kumtaja. Yeye anaweza kujitaja.

Usidhani sioni unachokiona. Unga ninaoupika unatoka kwenye lori hilo hilo. Aliko sijamwambia. Hilo ni lako.

Ni Jumamosi, asubuhi.

Mkamwana wako,
Atupele


Busale,
4 Julai 1993

Mkwe wangu,

Nakusalimu sana, na Bibi pia. Mama yako huku ni mzima, anasema mpunga umeanza kuvunwa na mikono haitoshi.

Siku ile tuliondoka kila mtu na lake, kwa hiyo nakuandikia ambayo hukuyaona, maana ulikuwa umetupa mgongo.

Aliko nilimwambia Ijumaa, amelala chini ya lori anafunga nati. Hakutoka. Akauliza, "Atupele anajua?" Nikasema anajua. "Basi mimi ndiye wa mwisho," akasema. Nikaona miguu yake tu.

Jumamosi Angetile aliniazima baiskeli. Karibu na ghala nikashuka, nikaisukuma mtaani kwenu. Nilivaa shati jeupe la kanisani, sikuwa na wazo lolote, ndilo lililokuwa safi. Watu walikuwa wamejaa kwenye kibaraza cha ghala. Nawe ukatokea nyumbani na kiti cha Bibi kichwani.

Ukaniona. Ukatua kiti, ukaacha njia, ukachutama kwenye nyasi na kunipa mgongo, ukavuta kitenge mpaka kichwani.

Nikasimama. Nyuma yangu ilikuwa ile nyumba. Kibarazani watu wakageuka mmoja mmoja. Mwenyekiti alikuwa na picha mbili mkononi, ile ya Mansuri na ile ya zamani aliyokwisha kupewa na Bibi. Akaangalia njiani, akaangalia picha moja, akaangalia nyingine.

Nikaingia, nikataja jina langu kabla sijaulizwa, nikaeleza penseli na kila kitu. Mansuri hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kwa hiyo si babu?"

"Babu yako alisimama wapi sijui, mzee. Hapa hakusimama."

Akaichukua ile ya nyasi, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Nitabaki nayo hii," akasema, hakuna aliyemzuia. Uamuzi uliusikia mwenyewe. Bibi abaki kwake.

Chumba kimeshakuwa cha Naila, pale nilipotundika picha zinaning'inia suruali. Aliko ameshushwa, anabeba magunia ya mpunga Ngonga. Juzi alipita hapa kumwona mama yake, mimi akanipita kama mti.

Nina swali moja, na nani mwingine nimwulize. Pale njiani, ulichutama kwa heshima, au kwa sababu hukutaka kuniona? Nimepiga watu picha maisha yangu yote, uso nausoma. Mgongo umenishinda. Nafikiria hata yule wa zamani. Sote tulisema anampisha mkwe. Nani alimwuliza?

Tata wako


Mwaya,
29 Agosti 1993

Tata,

Shikamoo. Huku hatujambo. Bibi anakula, anagombana na kuku. Mama apone mkono, nimesikia aliukata na mundu.

Aliko alikuja Jumapili iliyopita. Alirekebisha paa la jikoni, akala, akaniuliza kama kifua chako kimepona. Nikasema aende akakiulize mwenyewe. Kesho yake akarudi Ngonga. Lakini ndiye aliyeniambia, bila kuulizwa, kwamba umeziba dirisha la stoo ya mbegu kwa magunia na umeanza kusafisha picha humo.

Bibi anataka nakala aitundike ukutani. Angetile anakuletea ile ya zamani. Usiguse kitu, Tata, hata pale mchwa walipokula.

Swali lako nimelisoma.

Na kama mkanda wa harusi yangu bado unao, ifute ile penseli. Nirudishie kovu langu.

Mkamwana wako,
Atupele