Majiwe Munane Ndani ya Mwanzi

Siku ya kwanza, 3/5/1999
Leo nilienda tena ku masomo ya mwalimu Asukulu. Batu ya muji ya Baraka banaeleza hii habari vibaya, banasema mimi muzee nilichoma radio. Uongo! Haikuungua. Ilinyamaza tu. Nilitia majiwe munane ya radio, yenye kuleta umeme, ya kuzeeka, ndani ya mwanzi, nikafunga nyuzi mbili mupaka ku radio. Kimya. Mimi mwenye nilivuka ziwa mupaka Ubwari na kasia moja, radio inanishinda!

Siku ya Mungu radio ya ng'ambo itasoma majina ya benye balikimbilia Kigoma. Riziki, mutoto wetu, alivuka ziwa na batoto yake babili wakati masasi ya vita ilianza. Hatujue kama alifika. Mama yake hakule vizuri tangu pale.

Siku ya pili, 4/5
Asukulu anachora na makala ya moto ku ukuta ya kanisa. Masomo yake ya zamani ilifungwa sababu ya vita, sasa anafundisha hapa. Umeme inatoka huku, inazunguka, inarudia kule. Njia ikikatika, hakuna kitu. Nimeelewa? Hapana. Nilitingisha kichwa kama benye akili.

Siku ya tatu, 5/5
Asukulu asema ndani ya kichwa ya mutu iko nyuzi ndogo-ndogo, moja inapashaka ingine habari. Yenye inatumika sana inapata nguvu. Asema bazungu banafundisha mashini vile-vile: ikikosea, banapunguza uzi moja nguvu, banaongeza ingine, mupaka ipate. Nikasema, basi nyuzi zangu za kujisifu ni nene kama kamba ya mutumbwi. Banafunzi bote bakacheka. Mi hapana. Radio ingali kimya.

Siku ya ine, 6/5
Batu banafika mbio toka Kilembwe, banakimbia vita. Hakuna masomo. Niko na hasira tupu.

Siku ya tano, 7/5
Nilimupelekea Asukulu mwanzi. Akachungulia, akacheka sana.
"Muzee! Majiwe umeikalisha kama bazee ku lubunga!"
Kweli. Ine ku ine, uso kwa uso, vile sisi bazee Babembe tunakaa ku lubunga tukikata maneno. Ndiyo heshima. Kumbe majiwe, kichwa ku kichwa, inamalizana nguvu. Inatakaka mulolongo, kichwa ya moja ku matako ya mwenzake.
"Hiyo adabu mubaya, mwalimu."
"Ndiyo umeme, baba."

Siku ya Mungu, 9/5
Radio imesema. Sauti nyembamba, lakini imesema. Majina mingi. Balisoma jina ya Riziki, na ya batoto yake babili. Mama yake alikatala kusikiliza, alikuwa inje anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamuita, nikamuelezea. Akakula. Sahani muzima. Sasa analala.

Majina ilisomwa mupaka mwisho, hiyo ni kweli. Ya Riziki nilitunga mimi.