Kidude cha Gramafoni, Mbamba Bay

Dada Skola, shikamoo. Kadi hii nimeitia kwenye bahasha. Tafadhali usimsomee mtu, hata mama.

Kwenye orodha ya vitu vya kale ninayoiandaa hapa kazini nilikuwa nimeandika kwamba kidude fulani cha duara chenye waya ni cha daktari, cha kusikilizia kifua. Kesho mkuu wangu anakuja kuisaini, nami bado niko kwenye majaribio ya kazi. Bibi anayetupikia usipa, dagaa wa ziwa hili, alikiona akacheka.

“Daktari gani, mjukuu wangu? Baba yangu alikuwa anachomoa kichwa cha gramafoni, anachomeka hiki, waya kwenye redio, habari zinatokea kwenye tarumbeta lake!”

Tulikijaribu kwenye gramafoni iliyopo hapa, kikaingia barabara. Nimeandika upya. Namshukuru mno bibi huyu, nimelala usingizi.

Usipige ofisini. Piga simu yangu siku yoyote saa kumi na moja jioni, nitakuwa nimepanda kanisani, ndiko mtandao unakoshika.