Vifo Tisa vya Mama Riziki

Jumatatu, 4 Novemba
Nimemaliza kufua mashuka yenye damu ya bandia. Haitoki vizuri, kama kawaida. Mama Riziki amekufa tena leo. Ni mwanasesere wa kufundishia uzazi, wa mashine na plastiki, lakini kwangu mwanafunzi asiyemsalimu haanzi kazi. Kila zoezi linaandikwa kwenye fishi, kadi ya mgonjwa, yenye jina lake, kama mama yeyote wa wodini. Wakunga wangu kumi na wawili wanaenda kambi ya wakimbizi Jumatatu ijayo. Bado hawajui kuzuia damu. Naogopa.

Barua pepe: kampuni iliyotuazima mashine hii ya Mama Riziki imenunuliwa. Wanunuzi hawataki kitengo chake cha uzazi, wanakiuza kwa wengine. Wanadai hati zote za mashine kabla ya Alhamisi.

Jumanne, 5
Papa Anselme, katibu wetu, ametuma hati kutoka ofisi yetu ya mtaa wa Keshero. Haraka mno. Mizinga ya vita inasikika. Watu wanaokimbia Kalengera wanazidi kuingia mjini, magodoro kichwani.

Alhamisi, 7
Wanunuzi wanauliza: akina mama tisa, wote jina Riziki, walikufaje kwenye mashine hii?

Tisa! Papa Anselme alituma na fishi za mazoezi, zile tisa zilizoandikwa “amekufa” zikiwemo. Hajawahi kukanyaga chumba chetu hata siku moja. Sasa wakili wao anataka mashine ifungwe hadi uchunguzi uishe. Nilicheka. Nimeandika kueleza. Kimya.

Nilimfokea Papa Anselme.

“Mama, eko na jina, eko na fishi,” akasema. “Ningejua je kama haiko mutu?”

Fishi nilizianzisha mimi.

Ijumaa, 8
Wameizima mashine kwa mtandao, kutoka huko huko kwao. Mapigo ya moyo ya Mama Riziki yakakatika katikati ya somo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Nikamsogeza Mama Riziki, nikalala mimi mahali pake. Mfuko wa maji mekundu chini ya kitenge, naubana mwenyewe. Miaka sita nafundisha nikiwa nimesimama. Leo nimejua: wanasalimu vizuri, kisha hakuna anayekutazama tena. Wote macho kwenye damu. Esperance, mwepesi kuliko wote, alinikanda tumbo ili damu ikome, kama anakanda unga wa mikate. Mimi naona dari tu. Niliogopa kweli, na mfuko ninaushika mwenyewe! Nimewaambia hayo yote. Tukaanza upya.

Jumamosi, 9
Tumbo linauma. Tumerudia mara ishirini. Mizinga imekaribia.

Jumanne, 12
Kampuni bado kimya. Mama Riziki yuko sandukuni. Wakunga waliondoka jana.

Esperance amepiga simu kutoka kambini. Mama mmoja aliyekimbia Kiwanja alivuja damu baada ya kuzaa. Amepona. Nikauliza alikuwa katika hali gani.

“Alikuwa anaogopa sana, mama. Nilimuangalia mu macho mupaka damu ikaisha.”

Nikamwambia vema, aende akapumzike. Kisha nikakaa na simu mkononi. Sijafanya kitu kingine leo.